TAHADHARI: Muuza "pasi za launji" za uwanja wa ndege ni mwizi, amenikomba nikiwa mlangoni

Jamani, naandika mikono bado inatetemeka. Yule jamaa anayeposti pasi za launji (vyumba vya kupumzikia abiria uwanja wa ndege) kwenye makundi yetu ya mtandaoni, mwenye picha ya bawa la ndege, ni mwizi. Sisemi anachelewesha huduma. Nasema MWIZI, na anafanya kazi hiyo kwa mpango.

Nilikuwa safarini kwa ndege mbili. Ndege ya kwanza ilishatua, ya kuunganisha ilikuwa mpaka asubuhi, na mimi sikuwa nimelala tangu jana yake. Nilichotaka ni kiti cha kuegemea, umeme wa simu na bafu. Nikafika mlangoni kwa launji, nikamsalimia dada wa mapokezi, nikampa bodingi pasi na kumwonyesha ule msimbo wa QR niliouziwa. Akaskani. Mashine ikalia vibaya. Akaskani tena. Akaniuliza jina langu, na huku bodingi pasi yangu kaishika mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jina lililotokea kwenye mashine si langu, na uanachama wa launji ulio nyuma ya msimbo huo umesimamishwa.

Nyuma yangu kuna foleni. Mzee na mkewe, mama aliyebeba mtoto amelala begani, kijana mmoja aliyevua kabisa vipokea sauti ili asikie vizuri. Wote kimya, wananitazama kama nimekamatwa na begi la mtu. Nikasogea pembeni nikampigia muuzaji.

Akapokea mlio wa kwanza. Hapo ndipo panaponichoma mpaka sasa: alikuwa anasubiri simu yangu. Ratiba yangu yote alikuwa nayo, namba ya ndege, saa ya kutua, saa ya kuondoka. Aliiomba mwenyewe wiki ile aliponiuzia, akasema bila ratiba pasi haitasoma. Kumbe alitaka kujua saa nitakayokuwa nimesimama pale, nimechoka, na watu wananiangalia.

"Pole sana kaka, ni jina tu halijabadilika kwenye mfumo. Usiondoke hapo mlangoni. Nakutumia linki, tunamaliza sasa hivi." Sauti tulivu kabisa, ya mtu wa huduma kwa wateja. Linki ikaja. Ukurasa una nembo, rangi zilezile, mahali pa namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma. Akasema kitakatwa kiasi kidogo cha uhakiki, kisha kitarudi. Na hilo si jambo la kubuni, zipo launji halali zinazokata kiasi kidogo kwenye kadi ya benki ili kuhakiki kwamba ni hai. Analijua ndiyo maana analitumia. OTP, ile namba ya siri ya mara moja ya kuidhinisha malipo, ikaingia, yeye yuko sikioni: "Imefika? Iweke haraka, muda unaisha." Nikaweka. "Imegoma, inakuja nyingine." Nikaweka na hiyo. Simu ikakatika. Meseji za benki zikaanza kumiminika, na zilipotulia kadi ilikuwa imekombwa hadi kikomo chake. Nikapiga tena, kanibloku.

Najua mtauliza kwa nini nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu anaijua kazi kuliko wengi wetu. Alinieleza kwamba Priority Pass, uanachama unaokuingiza kwenye launji, ipo tangu 1992 na ina launji na huduma zaidi ya 1,700 duniani, kwamba kuwa na kadi ya mkopo mfukoni hakutoshi kwa sababu benki nyingi zinataka uuwashe kwanza uanachama wa launji peke yake, kwamba launji nyingi hukuruhusu kukaa saa tatu tu, na kwamba mgeni unayeingia naye mara nyingi hulipiwa. Yote ni kweli, nimeyahakiki. Nilipotaka kulipa mapema alikataa, akasema nisubiri safari ikaribie. Tapeli gani anakataa hela? Na rafiki yangu mmoja aliingia kwa pasi ya mtu huyuhuyu bila tatizo lolote.

Sasa nimejua kwa nini aliingia. Yule dada wa mapokezi, Mungu ambariki, aliniambia misimbo hii ni ya wanachama halisi walioibiwa akaunti. Inafanya kazi mpaka mwenyewe agundue. Kila mtu akiingia, inaandikwa kwenye akaunti ya mwenye kadi, na akizidisha mara alizopewa na benki, yeye ndiye anayekatwa. Kwa hiyo huyu mshenzi ameniibia mimi, na kwa wakati huohuo alikuwa ananitumia kumwibia mtu mwingine nisiyemjua. Ningekamatwa pale je?

Benki wameifunga kadi na malalamiko yamepokelewa, ila wameniambia wazi kwamba muamala ulioidhinishwa kwa OTP ni mgumu sana kurudishwa.

Na msidhani ni bahati mbaya yangu peke yangu. Huko India, mwaka 2024 wasafiri waliibiwa kwa programu bandia iliyoitwa Lounge Pass. Ukishaisakinisha inasoma meseji zako na kuwapelekea wezi, OTP zikiwemo. Kampuni ya usalama wa mtandao ya CloudSEK ilieleza kwamba watu wapatao 450 waliisakinisha kati ya Julai na Agosti mwaka huo, na zaidi ya rupia 900,000 zikaibwa.

Dalili zake basi: anataka ratiba yako kamili. Msimbo anautuma kama picha, haufunguki kwenye programu yoyote yenye jina lako. Ukiuliza jina lililo juu yake anasema "hawaangalii". Wanaangalia! Uanachama wa launji hauuzwi wala hauazimwi, jina lake na la kwenye bodingi pasi lazima yawe mamoja. Mwenye kadi yenye faida hiyo aingie kupitia benki yake mwenyewe, asiye nayo aulize bei mlangoni, launji nyingi zinapokea malipo palepale.

Huyu mtu afungwe. Sitaki aniombe msamaha, sitaki anirudishie nusu kimyakimya halafu kesho aendelee na wengine. Asimame mbele ya hakimu aeleze anakozipata akaunti za watu. Na maadmini wa yale makundi mumtoe LEO. Posti yake bado ipo juu kabisa, imebandikwa, na watu wanaulizia bei mpaka dakika hii.

Skrinishoti zote ninazo, namba zake, linki na rekodi ya simu. Aliyelizwa naye aje inboksi, Jumatatu naenda polisi na sitaki kwenda na kesi moja.