RAL 9001 au RAL 9002: ipi ipigwe ndani kwa nyumba ya Mbeya?

RAL ni mfumo wa namba za rangi, na hizi mbili kwenye kadi ya rangi dukani ni vigumu kuzitofautisha. RAL 9001 ni krimu iliyopauka, RAL 9002 ni nyeupe yenye ukijivu. Fundi atakwambia zote nyeupe tu, chukua yoyote. Usimsikilize.

Kinachoamua ni dirisha. Mbeya ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kusini pekee hakipati jua la moja kwa moja miezi yote hiyo, na mwanga unaoingia humo una ubuluu. Ukipiga 9002 chumba kinapooza, na dari ikiwa nyeupe kabisa ukuta unaonekana mchafu tangu siku ya kwanza. Hapo ni 9001 bila ubishi.

Upande wa kaskazini mambo yanageuka. Jua la huku juu ni kali, na 9001 inakuwa njano ya siagi, hasa penye sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta, maana wekundu wake hupanda hadi ukutani. 9002 inatulia. Ila angalia balbu: zile nyeupe za kelvini 6500 zinaitia ubuluu usiku, weka za 3000 au 4000.

Kabla ya kununua, pima. Paka mikono miwili (yaani rangi mara mbili) kwenye kipande cha jipsamu, kisimamishe ukutani, ubandike karatasi nyeupe pembeni yake, kisha kitazame asubuhi, jioni na taa ikiwaka.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina kama mita za mraba 36 za kupaka, ukitoa mlango na dirisha. Lita moja hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo galoni mbili za lita 4 zinatosha mikono miwili. Zichanganywe siku moja, mashine moja. Namba ileile kwenye duka jingine inaweza kutoka tofauti kidogo, na kiraka kitaonekana.

Plasta mpya iache wiki nne ikauke, la sivyo chumvi itatoka na rangi ibanduke. Juni na Julai anza saa nne asubuhi, umalize saa tisa. Rangi ya maji ikikutwa na baridi iliyo chini ya nyuzi 10 kabla haijakauka, haishiki vizuri, ukiifuta inatoka na kitambaa.