Robocopy imenihamishia kila kitu, na tarehe zake

Akaunti yangu ya Windows ilikuwa imeharibika. Naandika nenosiri, inazunguka weee, kisha inanifungulia skrini tupu kama kompyuta mpya. Faili zenyewe zilikuwa salama ndani ya C:\Users, kwa hiyo nikafungua akaunti nyingine na kuanza kuzihamisha.

Mara ya kwanza nilikata na kubandika. Kesho yake nabofya rekodi za sauti ya marehemu mama, naambiwa sina ruhusa. Ndipo nikajifunza kwamba faili ikihama ndani ya diski ileile inaweza kubaki na ruhusa za mwenyewe wa zamani. Ukiinakili, nakala hufuata ruhusa za folda inakoingia, na ile ya kwanza inabaki palepale hadi utakaporidhika.

Hapo ndipo Robocopy iliponiokoa. Ni programu ya kunakili faili na folda, imo ndani ya Windows tangu Vista, hailipiwi. Haina vitufe, unafungua dirisha la amri kama msimamizi, ukiwa umeshatoka kabisa kwenye akaunti ya zamani, unaandika:

robocopy "C:\Users\zamani\Documents" "C:\Users\mpya\Documents" /E /XJ /R:1 /W:1 /DCOPY:DAT

/E huchukua folda zote zilizomo, hata zilizo tupu. /XJ usiisahau: Windows huficha viungo vinavyorudisha folda moja ndani ya nyingine, na usipoviruka kazi inaweza kuzunguka humohumo isiishe. Halafu hizo 1 mbili, /R ni idadi ya kurudia na /W ni sekunde za kusubiri. Usipoziweka, faili moja ikigoma itajaribiwa mara 1,000,000, kila jaribio likisubiri sekunde 30! Ile ya mwisho hutunza tarehe za folda. Za faili hutunzwa bila kuomba. Kwangu hilo ni kubwa, maana rekodi za mama sikuzipa majina, nazitambua kwa tarehe tu.

Kwa mgeni ni ngumu, sikatai. Kosa la herufi moja lina gharama: /MIR hufuta kule unakopeleka chochote kisichokuwepo unakotoa. Ongeza /L kwanza, itakuorodheshea itakachofanya bila kugusa kitu.

Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari usitegemee yatafuata, kwa kawaida hufungwa na akaunti yenyewe; yatoe mapema. Folda iliyofichwa ya AppData, ambamo programu huweka data zake, sikuibeba yote, nilichukua barua pepe zangu za Thunderbird tu. NTUSER.DAT niliiacha ilipo, hiyo ni mipangilio ya akaunti ya zamani.

Mwishoni inakupa jedwali la hesabu. Kwenye safu ya zilizoshindikana nilikuta 0, nikafungua rekodi ya kwanza, nikamsikia mama akikohoa kidogo kabla ya kuanza kusema. Naipa nyota tano. Akaunti ya zamani sitaifuta mpaka nimalize kuzisikiliza zote.