Kusubu au kushindilia unga?

Pale Kibuye, Kisumu, fundi wa jua kali akitaka kutengeneza sufuria huyeyusha alumini chakavu, akaimimina kwenye kalibu ya mchanga; huko ndiko kusubu. Mchana huohuo ana bidhaa mkononi. Alumini haina maringo: nyuzi 660 tu za Selsiasi inakuwa uji.

Tungsteni, metali nzito sana, ni mambo mengine. Huyeyuka kwa nyuzi 3,422, na chungu cha chuma kingekuwa kimeisha kwa 1,538. Kwa hiyo kusubu tuliweke kando.

Njia ya unga huanza na unga wa tungsteni, asilimia 90 hadi 97 ya uzito, ikichanganywa na nikeli na chuma kidogo, kisha kushindiliwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma kigumu. Kinachotoka hapo ni kama chaki; kikikuponyoka, okota vipande. Huingizwa kwenye tanuri lenye haidrojeni, karibu nyuzi 1,500. Nikeli na chuma huyeyuka na kupenya katikati ya chembe za tungsteni, ambazo hubaki yabisi, na kuzivuta zikaribiane. Kipande husinyaa: cha milimita 50 huweza kubaki 42 hivi. Kalibu lazima ikadirie hilo mapema, na kimiminika kikizidi, umbo hulegea kama ugali usioiva.

Gharama? Kalibu hiyo ya chuma kigumu ni ghali, haifai kwa vipande vitatu vinne. Kwa sufuria, mchanga wa Kibuye unashinda bila ubishi. Lakini ukitaka uzito mwingi mahali padogo, njia ya unga ina maana: kipande cha aloi hii (mchanganyiko huu wa metali) chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti hukaribia nusu kilo.