Begi jekundu la dharura: miezi 14 ndani ya buti langu

Kilichonivuta ni maandishi makubwa kwenye boksi: "Vipande 142." Nikadhani ni vitu 142. Nilipofika nyumbani nikalimwaga begi lote sakafuni, wanangu wakahesabu kwa zamu. Plasta ndogo 60. Vitambaa vya spiriti 30. Vijiti vya pamba 20. Pini 12, na kila pini imehesabiwa kipande kamili. Ukiondoa hivyo unabaki na vitu 20, na sita kati ya hivyo ni vipakiti vya maji. Basi anayetaka kununua begi la aina hii, la kampuni yoyote, asome orodha ya ndani kwanza, hiyo namba ya nje aiache. Jina la waliotengeneza langu siliandiki, maana mabegi haya yanafanana kiasi kwamba ukibadilisha nembo hutajua lipi ni lipi.

Nililinunua kwa sababu tunakaa karibu na mto. Nyumbani tuko watano: mimi, watoto watatu na mama mkwe wangu. Mume wangu kazi yake iko mbali. Kwa hiyo siku tukiambiwa tuondoke, dereva ni mimi, mpakiaji ni mimi, na wa kumtafuta aliyejificha chooni ni mimi. Gari letu ni dogo, la milango mitano.

Nianze na sifa, kwa sababu lenyewe kama begi ni zuri kuliko vilivyomo. Kitambaa ni kigumu, zipu ni nene, na chini lina velkro inayong'ang'ania zulia la buti. Velkro hiyo niliidharau mwanzoni. Siku niliyopiga breki ya ghafla, kila kitu kwenye buti kilihama isipokuwa begi. Kitu kizito kisichoshikiliwa ndani ya gari kinaweza kumfikia mtoto wa kiti cha nyuma kabla gari halijasimama. Limeshalowa mara mbili na zipu bado inateleza kama mpya.

Sasa nyaya za betri. Hapa ndipo nilipotaka kulia. Alfajiri moja gari liligoma, mtoto alikuwa ameacha taa ya ndani inawaka usiku kucha. Jirani akasogeza gari lake, nami nikafuata utaratibu kama nilivyojifunza: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini yangu, mbali na betri. Nikawasha. Stata ikatoa "tk-tk-tk" tu. Tukasubiri, nikajaribu tena, mara vishikio vikapata moto na harufu ya plastiki ikaanza kupanda. Jirani akazigusa, akacheka: "Mama, hizi ni kamba za kuanikia nguo." Akaleta za kwake, nene, na gari likawaka mara moja.

Jioni nikachukua kisu nikaupasua waya mmoja. Nje unene wake ni wa kidole changu cha mwisho. Ndani, kifungu cha nyuzi chembamba kama risasi ya penseli, kingine chote ni mpira. Nikakwangua nyuzi kwa wembe na rangi ya shaba ikatoka, chini yake nyeupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, kwa hiyo ilipaswa kuwa nene zaidi, wao wakaifanya nyembamba. Nyaya za maana huandikwa upana wake, milimita za mraba 16 au 25. Kwenye zangu hapakuwa na maandishi yoyote. Nimezitupa, nikanunua za shaba tupu za 25.

Pampu ya upepo, kinyume chake, ni kifaa cha kweli. Inapiga kelele utadhani mashine ya kusaga, lakini inafanya kazi. Ndiyo iliyonifichulia aibu ya tairi la akiba. Langu ni lile jembamba la muda, na ubavuni limeandikwa 60 psi (kipimo cha upepo wa tairi), na pia usizidi kilomita 80 kwa saa. Nilipolipima lilikuwa na 22. Miaka yote hiyo nilikuwa nikibeba pambo! Pampu ilichukua dakika saba kulifikisha. Kwa matairi mengine manne soma kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwa sababu namba iliyo ubavuni mwa tairi la kawaida ni ya juu kabisa ambayo tairi linavumilia, haihusu gari lako. Na hakikisha tundu la kiberiti la gari lako, ambamo pampu huchomekwa, linatoa umeme. La kwangu lilikuwa na fyuzi iliyokatika na nisingejua hadi siku ya shida.

Nyundo ya kuvunjia kioo imeshonewa mfuko wake ndani ya begi, na begi linakaa kwenye buti. Fikiri kidogo. Gari limezingirwa na maji, milango haifunguki, na nyundo iko nyuma ya viti, ndani ya zipu. Aliyebuni hilo sijui alikuwa na haraka gani. Nyundo nimeihamishia kwenye mfuko wa mlango wangu, na blade yake inakata mkanda wa kiti vizuri, nimeijaribu kwenye mkanda chakavu. Lakini kuna jambo jingine ambalo boksi halisemi. Si kila kioo kinavunjika. Mwaka 2019 chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima vifaa sita vya namna hii. Vinne vilivunja kioo cha kawaida cha pembeni, kile kinachosagika kuwa punje. Kwenye kioo cha tabaka, chenye utando wa plastiki katikati, hakuna hata kimoja kilichofua dafu. Magari mengi ya karibuni yana kioo cha tabaka hata pembeni. Ukichuchumaa ukaangalia maandishi madogo kwenye kona ya kila kioo utajua. Yangu: milango ya mbele ni ya tabaka, ya nyuma ni ya kawaida. Wanangu sasa wanajua kwamba tukinasa tunatokea kwenye vioo vyao, si kwangu.

Tochi ilikuja na betri za kawaida ndani yake. Baada ya miezi minane nikaifungua, zimevuja, unga wa kijani na mweupe umekula springi. Hilo nalipokea kama kosa langu nusu. Betri za aina hiyo haziachwi ndani ya kifaa kisichotumika, tena ndani ya gari linaloiva juani. Nimeweka za lithiamu, kwenye kimfuko chake, nje ya tochi. Powabanki haikai kabisa kwenye gari, joto linaiua. Inakaa kwenye rafu ya viatu mlangoni.

Plasta ni plasta. Blanketi za karatasi ya fedha zinapiga kelele na kuchanika ukizikunjua kwa hasira, ila zinatunza joto.

Maji. Vipakiti sita vya mililita 125, yaani robo tatu ya lita. Kipimo kinachotolewa na watu wa maafa ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na usafi pamoja, kwa siku tatu. Kwetu watano hiyo ni lita 60, na lita 60 ni kilo 60, sawa na kumpakia mtu mzima wa sita. Nilijaribu. Gari lilikaa chini nyuma, na begi la mama halikuingia. Nikaamua: lita 60 ziwe nyumbani kwa siku za kukatikiwa maji, na galoni moja ya lita 20 iwe kwenye gari, imefungwa kwa mkanda. Najua wapo watakaosema ni kidogo. Waje wanipangie buti.

Kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba begi limefikiria gari, halikufikiria watu. Hakuna mfuko usioingia maji wa kuwekea karatasi muhimu, hakuna pa kuweka dawa, hakuna hata kadi ya kuandikia namba za simu. Nimejaza mwenyewe. Vyeti vya kuzaliwa, pasipoti na karatasi za bima ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu. Noti ndogondogo, kwa sababu umeme ukikatika mashine za kadi hazifanyi kazi. Dawa za presha za mama za wiki moja, na kalenda ya kuzibadilisha. Ramani niliyoichora kwa kalamu yenye njia mbili za kutoka. Na namba ya shangazi wa watoto anayeishi mbali, ambaye kila mmoja wetu akipotezana na wenzake atamtumia meseji. Simu zikielemewa, mara nyingi meseji hupenya wakati kupiga kunashindikana. Kitindamimba ameikariri namba hiyo kama wimbo, anaiimba mpaka bafuni.

Kisha tukafanya zoezi, Jumamosi, bila kuwaambia mapema. Dakika 23. Sita niliziteketeza kutafuta funguo za gari, nne kufunga kiti cha mtoto nilichokuwa nimekitoa kukifua. Mama alipanda, akashuka kufuata miwani, akapanda, akashuka kufuata miwani ileile kwa sababu alikuwa ameiacha juu ya jokofu alipoifuata mara ya kwanza. Wa kati alileta mpira. Mkubwa hakuleta kitu, alikuwa anapiga video.

Baada ya hapo gari hulala likiangalia geti. Funguo zina msumari wake. Kiti cha mtoto hakitoki. Na geji ya mafuta haishuki chini ya nusu, jambo ambalo dada yangu aliniona mshamba nalo mpaka nilipomsimulia ya kimbunga Rita. Septemba 2005, watu wa Houston, Marekani, na maeneo ya jirani walipoambiwa waondoke, walikwama kwenye foleni kwa saa nyingi hata magari yakaishiwa mafuta katikati ya barabara. Mtu anaondoka na robo tangi akidhani atajaza mbele, na mbele kila mtu alikuwa na wazo hilohilo. Zoezi la pili tulitumia dakika 14.

Usiku wenyewe ulikuja. Saa tisa usiku tangazo likapita kwamba mto unapanda, watu wa upande wetu waondoke. Nikafunga gesi, nikazima swichi kuu ya umeme, nikahesabu vichwa. Dakika tisa. Barabara ya kwanza ina bonde dogo, na taa zangu zilipofika pale ziliona maji yanakatiza, ya kahawia, yanakwenda. Gari lililokuwa mbele yangu likawasha taa za tahadhari na kuanza kuingia polepole. Nilijua hesabu: sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kulielesha gari dogo, 60 hubeba hata magari makubwa. Lakini nakiri kwamba ukimwona mwenzio anaingia, mguu unakuwa na akili yake. Kijana mmoja aliyesimama pembeni na koti la mvua akagonga kioo: "Mama, geuza. Chini huko lami hatuioni." Nikageuza. Yule wa mbele naye akarudi kinyumenyume, nashukuru. Tukapita njia ya pili ya kwenye ramani, ndefu mara tatu, kavu.

Usiku huo begi lilitoa vitu vitatu tu. Blanketi, ambamo kitindamimba alilala mpaka kukakucha. Miwani ya akiba ya mama, niliyoitia mfuko wa nje baada ya zoezi la kwanza. Na redio ya kuzungusha mkono. Hiyo redio nilikuwa tayari kuiponda. Boksi linadai inachaji simu, na mkubwa aliwahi kuizungusha dakika kumi nzima simu ikapanda asilimia moja, mkono ukamuuma hadi kesho yake. Kama chaja ni mzaha. Kama redio ni hodari: unazungusha kidogo, unasikia taarifa nzima.

Begi linapata nyota tatu kati ya tano. Moja nimekata kwa nyaya, maana nyaya mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa nazo, unazitegemea. Nyingine kwa nyundo kukaa kwenye buti. Ukilipata begi hili tupu, bila vilivyomo, lichukue bila kusita, pampu uinunue kando.

Tulipofika kwenye ukumbi wa shule tuliopangiwa, mama alivaa miwani yake, akaomba redio, akaanza kuzungusha. "Mwanangu, wewe lala, nitakuamsha kukiwa na habari." Nikalala kweli. Tumerudi nyumbani sasa ni mwezi wa tatu, na redio haijarudi kwenye begi. Iko kando ya kitanda chake, na kila usiku kabla ya kulala namsikia anaizungusha. Nimewahi kumwomba. Akaniambia ninunue nyingine ya gari, hii imeshamzoea.