SID 6581: mimi sibadilishi na 8580

Jana usiku nilirudisha 6581, chipu ya SID inayotoa sauti, kwenye Commodore 64 yangu, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, nikazima taa, nikasikiliza besi tu. Ina mkwaruzo fulani mtamu unaokuingia kifuani. Chipu ya 8580 iliyokuja baadaye ni safi zaidi na filta yake, yaani sehemu inayochuja sauti, inatabirika, lakini hainisisimui. Mhandisi Bob Yannes aliibuni 6581 mwaka 1981 ikiwa na sauti 3 tu, na bado inajaza chumba! Kila sauti huchaguliwa wimbi lake: pembetatu, msumeno, mstatili au kelele tupu.

Ukitaka kununua, kuwa macho. Ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilikuwa imefutwa maandishi na kuchapwa upya. Kimya kabisa, na muuzaji hakujibu. Hii ya pili niliisikiliza kwanza ndipo nikalipa. Ibandikie kipande cha alumini cha kupoza, maana inachemka hasa. Na usizichanganye: hii inataka volti 12, 8580 inataka 9.

Filta za 6581 hazifanani, kila chipu na yake. Wimbo uleule kwa rafiki yangu unatoka mzito, kwangu unang'aa. Nimeshaombwa niuze mara mbili, nimekataa.