Bandeji zenye dawa: ipi ununue Mombasa, ipi uiache dukani

Simama kidogo kwenye duka la dawa Mwembe Tayari, utamsikia mtu akiomba "kitu cha kukausha kidonda". Ataondoka na spiriti na shashi, au kapsuli za kupasua anyunyize unga juu ya jeraha. Huko kukausha ndiko kunakomchelewesha. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba ngozi huota karibu mara mbili upesi zaidi kidonda kikifunikwa kikabaki na unyevu kuliko kikiachwa kifanye kigaga.

Bandeji za polima asilia, yaani za molekuli ndefu zitokazo kwa viumbe hai, zinafuata njia hiyo. Malighafi yake ni mwani, maganda ya kamba, au ngozi ya ng'ombe. Zinafyonza majimaji na kuvimba. Zikitiwa dawa, dawa hutoka kidogo kidogo kadiri maji yanavyopenya. Kwa hiyo nimezipanga kwa swali moja: kidonda kinatoa maji kiasi gani? Jina la dawa linakuja baadaye.

Nambari moja ni aljineti. Inatokana na mwani wa kahawia. (Mwani unaolimwa Kibuyuni ni mwekundu na hutoa karajinani, basi muuzaji asikuambie hii ni mali ya Kwale.) Ukifungua pakiti utakuta kitambaa cheupe, laini, chepesi. Kalisi iliyomo hubadilishana na sodiamu ya majimaji ya kidonda, na nyuzi zinageuka jeli. Inafaa kidonda kinachochuruzika, mathalani pale ekzosi ya bodaboda ilipokuunguza na malengelenge yakapasuka. Inahitaji bandeji nyingine juu yake, na usiiweke kwenye kidonda kikavu, itang'ang'ania. Siku ya kubadilisha usishtuke: ule ute wa manjano unaodhani ni usaha mara nyingi ni bandeji yenyewe. Osha kwa maji ya dripu ya chumvi (normal saline), si ya bahari, hata nyanya akishikilia kwamba bahari haijamuua mtu.

Kuna aljineti yenye madini ya fedha pia, na bei yake hupanda. Hiyo nunua tu kama daktari au nesi amesema kidonda kimeingiwa na vijidudu, na baada ya wiki mbili kikaguliwe upya. Kwa kidonda safi, fedha ni pesa ya kutupa.

Ya pili ni haidrokoloidi, plasta nene yenye jelatini, pektini na selulosi. Mkwaruzo, kisigino kilichochunwa na kiatu, kidonda chenye maji machache: hapa ndipo penyewe. Hukaa siku 3 hadi 7 na unaoga nayo. Tatizo ni jasho letu. Wakati wa kaskazi kingo hujikunja mapema, kwa hiyo kausha ngozi vizuri, kisha ikandamize kwa kiganja kama dakika moja ishike kwa joto. Usifunikie kidonda chenye usaha. Na uliza jelatini ni ya mnyama gani, kwani huweza kuwa ya nguruwe. Kwa wanunuzi wengi wa hapa hilo si jambo dogo. Swali hilohilo liulize kwa bandeji za kolajeni, protini ya ngozi ya mnyama.

Asali ya kitabibu naiweka ya tatu. Si polima, ila huuzwa imepakwa kwenye aljineti, na kwa kidonda kinachonuka ni nzuri sana. Imepigwa mionzi ya gama kuua mbegu za bakteria. Asali ya chupa ya barabarani haijapitia hayo. Hii ya kitabibu huwasha mwanzoni.

Wavu uliotiwa iodini, dawa ya kuua vijidudu, ni wa nne. Unapokwisha nguvu rangi yake ya kahawia hufifia ikawa nyeupe, na hapo unajua umefika wakati wa kubadilisha. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye shida ya tezi ya shingo waupite.

Wa mwisho ni shashi ya mafuta yenye antibiotiki. Imezoeleka, ila ikikauka inashika nyama, na antibiotiki ya kupaka inaweza kuleta mzio na usugu wa vijidudu.

Kaitosani, ya maganda ya kamba na kaa, sikuipa nafasi. Kwa kuzuia damu inasifika, na jeshi la Marekani limeitumia vitani. Lakini filamu zake zenye dawa, zile zinazonadiwa mtandaoni, nyingi bado ni za maabara.

Dukani, angalia neno STERILE (imeuliwa vijidudu) kwenye pakiti: R ni kwa mionzi, EO ni kwa gesi. Nambari 2 iliyokatwa kwa mstari maana yake usirudie kuitumia. Usikubali kukatiwa kipande kutoka pakiti iliyofunguliwa, wala pakiti iliyoanikwa juani dirishani.

Mguu wa mwenye kisukari, kidonda cheusi, wekundu unaosambaa, homa, au kuungua usoni na viganjani: usinunue chochote, nenda Coast General au kituo kilicho karibu. Aliyekanyaga msumari aanze na sindano ya pepopunda, bandeji baadaye.