Darubini ya 8x42 kwa mwindaji anayeanza na mfuko mdogo: Celestron Nature DX na zile za "30x60"

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme na meza za machinga Dodoma mjini, darubini inayokimbiliwa ni ile ndogo nyeusi ya kukunja, iliyoandikwa 30x60. Muuzaji anaielekeza kwenye bango la mbali na kukwambia, "Kaka, hii inavuta mara thelathini, inaona mita elfu moja." Mwombe rula. Kama maandishi ni ya kweli, kioo cha mbele, kile kikubwa kinachotazama nje, kiwe na upana wa milimita 60. Utakuta ni 21 au 22.

Hiyo 30 nayo unaweza kuihakiki papo hapo dukani. Shika darubini mbali na uso, urefu wa mkono, ielekeze angani upande usio na jua. Kwenye kioo cha kuwekea jicho utaona kiduara cheupe. Pima upana wake, kisha gawanya upana wa kioo cha mbele kwa upana wa kiduara. Milimita 22 kwa 2.7 ni kama 8. Hapo umepata nguvu halisi ya chombo, na haifiki thelathini. Maandishi kama "126M/1000M" nayo hayasemi darubini inafika wapi. Yanasema kwamba ukitazama kitu kilicho mita 1,000 kutoka ulipo, eneo linaloingia machoni lina upana wa mita 126. Umbali hauna kikomo. Hata mwezi unaonekana kwa darubini yoyote.

Anayepanga uwindaji wake wa kwanza wa leseni, tuseme wa tandala upande wa Manyoni na Itigi, hujikuta fedha zimeishia kwenye leseni, vibali, gari, mafuta, maji na buti. Darubini inabaki ya mwisho, na hapo ndipo 30x60 inapomnasa. Ushauri wetu ni kuipandisha juu kwenye orodha. Porini unatazama saa nyingi na kulenga dakika chache, na mnyama ambaye hukumwona hata bunduki nzuri namna gani haikusaidii. Zaidi ya hapo, leseni inataja mnyama gani unaruhusiwa, kwa hiyo lazima umtambue kwa uhakika kabla kidole hakijagusa kifyatulio.

Celestron Nature DX ya 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42, ndiyo tunayoiona inalipa kwa bajeti ya chini. Ina uzito wa karibu gramu 630, inaonyesha upana wa mita 129 kwa mita 1,000, prizimu zake (vipande vya kioo vya ndani vinavyoigeuza picha isimame wima) ni za BaK-4, aina nzuri ya kioo cha darubini, na ndani imejazwa naitrojeni na kuzibwa ili maji na unyevu visiingie. Kwa sisi wa Dodoma, huko kuzibwa kuna faida kubwa zaidi kwenye vumbi kuliko kwenye mvua. Nje ya nchi kwa kawaida inauzwa chini ya dola 200. Mara nyingi itabidi kuagiza, kwa hiyo ulizia usafiri na ushuru kabla ya kulipa, maana vikijumlishwa vinaweza kubadilisha hesabu yote.

Kwa nini 42? Gawanya 42 kwa 8, unapata kiduara cha milimita 5.25. Huo ndio upana wa mwanga unaotoka kwenye darubini kuingia jichoni. Adhuhuri mboni ya jicho hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo ukijaribu darubini ndogo na kubwa mchana dukani, mwanga wake utauona ni uleule. Mapambazuko na magharibi mboni inafunguka hadi 5 au zaidi, na chombo kidogo kinakosa mwanga wa kuijaza. Tandala hula alfajiri na jioni, mchana anaingia kichakani. Darubini ndogo inakutupa saa zile zile unazomhitaji zaidi. Ndiyo maana jaribio la maana linafanyika saa kumi na mbili na nusu jioni: toka barazani, soma namba za gari lililoegeshwa chini ya mwarobaini.

Zipo zenye vioo vya rangi nyekundu kama taa ya nyuma ya gari. Ziache. Ule mng'ao unarudisha mwanga mwekundu nje na kuacha picha ikiwa na ukijani. Huku kwetu udongo ni mwekundu, majani ya kiangazi ni ya kahawia, na ngozi ya tandala ni ya kijivu cha kahawia. Ukipoteza wekundu unapoteza tofauti kati ya mnyama na kichuguu.

Wengi huuliza kama 10x42 si bora. Kwenye eneo wazi kama mbuga za Bahi ina nafasi yake. Kwenye kichaka cha Itigi au miombo, mara nyingi huoni mbali kwa sababu ya matawi, na kukuza mara 10 kunakuza pia mtetemeko wa mikono na lile joto linalocheza juu ya ardhi kuanzia saa nne asubuhi. Mara 8 inatulia, na upana wake unakusaidia kumpata tena mnyama aliyesogea.

Kasoro za Nature DX zipo. Kingo za picha hazina ukali wa katikati, na ukanda unaokuja nayo unakata shingo ukitembea siku nzima. Hilo la pili linatibika: mpelekee fundi viatu kanda mbili za begi zenye upana wa sentimita 4, akushonee msalaba wa mgongoni ili uzito ukae mabegani na darubini isibembee ukiinama.

Ukiipata, irekebishe kwanza, kwa sababu watu wengi hulalamika picha ina ukungu kumbe hawajafanya hivyo. Kunja bawaba mpaka viduara viwili viwe kimoja. Funika kioo cha mbele cha kulia, tazama kwa jicho la kushoto na zungusha gurudumu la katikati hadi kitu kiwe wazi. Funika cha kushoto, tazama kitu kilekile kwa jicho la kulia, na safari hii zungusha pete ya kwenye kioo cha jicho cha kulia tu. Weka alama ya rangi hapo. Mvaa miwani ashushe vikombe vya macho hadi chini; asiyevaa avipandishe.

Vumbi la Dodoma ni mchanga mgumu. Ukifuta lenzi kwa shati au kanga unaikwaruza, na mikwaruzo haitoki. Pulizia kwanza, pitisha brashi laini safi, halafu ndipo kitambaa cha miwani chenye unyevu kidogo. Usiiache juu ya dashibodi: joto la gari lililofungwa linalainisha gundi na grisi ya ndani.

Kutazama nako kuna namna yake. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, au egemea mti. Usipeperushe darubini huku na huko. Gawa kichaka vipande, kila kipande kikae machoni sekunde kadhaa. Usitafute tandala mzima. Tafuta sikio linalopiga nzi, mstari mweupe ubavuni, au mgongo uliolala mlalo katikati ya vigogo vilivyosimama wima. Na darubini ya kwenye bunduki si ya kutafutia wanyama. Kila unapotazama nayo umeelekeza mtutu, na kinachotikisa majani kinaweza kuwa mrina asali au mchungaji.

Kama fedha haifiki kabisa, nunua iliyotumika, ile ya zamani ya mabomba yaliyopinda, ambayo vioo vya mbele vimeachana zaidi kuliko vya macho, 8x40 au 7x35, kuliko mpya ya kukunja. Kwa bei moja, umbo hilo la zamani hutoa picha nzuri zaidi, ingawa ni kubwa mkononi na nyingi zake hazizuii maji. Fanya vipimo vitatu kabla ya kulipa. Mulika tochi ya simu kutoka upande mmoja na uchungulie upande wa pili: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, hasa kwa chombo kilichokaa pwani, na usikinunue. Tazama waya wa umeme au bati la paa, kisha isogeze darubini taratibu kutoka machoni. Mstari ukigawanyika kuwa miwili, prizimu imehama kwa kuanguka. Chombo hicho kitakupa maumivu ya kichwa ndani ya nusu saa, na kukinyoosha kunahitaji fundi mwenye vifaa vyake maalumu. Mwisho zungusha gurudumu toka mwanzo hadi mwisho: likikwama, likiruka au likitoa mlio wa mchanga, rudisha mezani.